Kamba ya Mnunuzi: Historia ya Kilimo cha Mwani Zanzibar

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kutoka hapo kilienea kijiji hadi kijiji, kikavuka mpaka Pemba, na baada ya miaka ishirini na ushei visiwa hivi vilikuwa na wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, takriban wanane katika kila kumi wakiwa wanawake. Ni miradi michache ya kuwainua maskini wa pwani iliyowahi kupokewa na watu wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Hata hivyo, utafiti uliofanywa miongoni mwa wakulima hao na kuchapishwa mwaka 2012, kazi ya pamoja ya wataalamu wa Sweden na wa Zanzibar, ulikuta wanawake wanaoumwa mgongo na viungo, wanaolalamika kwa uchovu usiokwisha, na ambao kipato chao kilikuwa chini ya mstari wa umaskini. Mambo haya mawili huelezwa kama hadithi mbili tofauti: kwanza mafanikio, kisha mambo kuharibika kwa sababu ya bei au ya joto la bahari. Mimi naiona hadithi moja. Kilichoufanya mwani uingie vijijini kwa urahisi ndicho kilichomzuia mkulima asiupe umaskini kisogo, na anayetaka kuzisaidia familia za pwani leo hana budi kuirudia historia hiyo taratibu, maana makosa yake yamo bado ndani ya miradi mipya.

Mwani wenyewe si mgeni katika pwani hii. Muda mrefu kabla ya mtu kufikiria kuupanda, watu wa Unguja, Pemba na mwambao wa Tanganyika waliuokota mwani wa mwituni ulioletwa na mawimbi au uliong'olewa kwenye miamba, ukakaushwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara waliousafirisha ng'ambo. Viwanda vya Ulaya na Marekani viliuhitaji kwa ajili ya karajinani, utomvu unaofanya maziwa yasijitenge, aiskrimu isiyeyuke upesi na dawa ya meno ishikane. Biashara hiyo ya kuokota ilikuwa ya msimu, mali ilikuwa chafu na haina uhakika, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imefifia. Kilichoimaliza kabisa kilitokea mbali. Ufilipino, ambako mtaalamu wa mimea Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii alishirikiana na kampuni iliyohitaji malighafi, watu walikuwa wamejifunza kulima mwani kwa kamba na vigingi, na mwani wa kulimwa ukaanza kumiminika sokoni kwa wingi ambao muokotaji hakuweza kushindana nao. Aliyeliona somo hilo kwa niaba ya Tanzania ni Keto Mshigeni, aliyesomea mwani huko huko Hawaii kisha akarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ya 1970 na 1980 alifanya majaribio na kuandika bila kuchoka kwamba maji ya chini ya pwani yetu yanafaa kwa kilimo hicho. Yafaa tukumbuke kwamba wazo lilikuwa na mwenyewe hapa nyumbani, na lilikaa miaka mingi bila mtu wa kuligharamia.

Lilipogharamiwa, Zanzibar ilikuwa na shida. Uchumi wa visiwa ulikuwa umesimama juu ya karafuu kwa zaidi ya karne moja, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa na kuchanganywa na tumbaku ya sigara za kreteki. Indonesia ilipanda mikarafuu yake yenyewe, ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Serikali iliyokuwa imezoea kuishi kwa karafuu ikaanza kulegeza biashara, kukaribisha wawekezaji na kutafuta chochote kingine cha kuuza nje. Katika hali hiyo kampuni zilizokuja na mbegu za mwani kutoka Ufilipino zilipokewa kwa mikono miwili. Kampuni hizo zilifungamana na viwanda vikubwa vya karajinani vya Marekani na Denmark, na shida yao ilikuwa moja: hazikutaka kutegemea Ufilipino peke yake. Zilihitaji chanzo cha pili cha mali ghafi, cha bei nafuu, ambacho kingesaidia pia kuwatuliza wauzaji wa Asia. Nalitaja hili bila kuwalaumu, maana kila mfanyabiashara hutafuta njia mbadala. Lakini mkulima wa Paje aliingia katika biashara ambayo tangu siku ya kwanza ilimhitaji awe wa bei rahisi, na hakuambiwa.

Kwa nini basi alikubali, na akakubali kwa furaha? Jibu limo katika kazi alizokuwa akifanya kabla. Mwanamke wa pwani ya mashariki alikuwa na vyanzo viwili vikuu vya pesa yake mwenyewe. Cha kwanza kilikuwa kukusanya kombe, chaza na pweza maji yakipwa. Cha pili kilikuwa makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga au tope la ufukweni na kuzungushiwa mawe yasichukuliwe na maji, yakaachwa huko miezi mingi mpaka yaoze. Kisha hufukuliwa yakiwa meusi na yenye harufu nzito, yakapigwa kwa mchi au gongo mpaka usumba ujitenge, ukaoshwa, ukaanikwa, na mwisho ukasokotwa kwa viganja, pindo juu ya pindo, ukawa kamba. Yule anayelaumu mwani leo aifikirie kazi hiyo: nusu mwaka wa kungoja, siku nyingi za kupiga na kusokota, na kamba iliyokuwa ikizidiwa na nailoni kila mwaka. Mwani ulimpa pesa kila baada ya wiki sita hivi. Haukuhitaji shamba la nchi kavu, ambalo mara nyingi ni la ukoo au la mume. Haukuhitaji mtaji. Ulilimwa sehemu ile ile ya pwani ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanawake, kati ya mstari wa maji makuu na mwamba ambako wanaume walivua. Kampuni ilileta mbegu, kamba, vikamba vya kufungia vinavyoitwa taitai, na mtu wa kuonesha namna ya kufunga. Mwanamke alileta mikono yake na vigingi vilivyokatwa msituni au kwenye mikoko.

Kazi yenyewe ni rahisi kuielewa na ngumu kuifanya. Vigingi viwili hupigwa kwenye mchanga, umbali wa mita nne au tano, kamba ikavutwa kati yao. Kwenye kamba hufungwa vipande vya mwani, kila kimoja cha kujaa kiganja, kwa nafasi ya shubiri moja hivi. Hili hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuacha kina cha goti au kiuno, na saa za kufanya kazi huamuliwa na mwezi: mara alfajiri, mara jua la utosi. Mkulima huinama au huketi majini, kanga zimeloa, akifungua, akifunga, akikwangua magugu ya bahari yaliyong'ang'ania matawi. Akivuna hubeba mwani mbichi kichwani mpaka ufukweni, na hapo ndipo hesabu inapouma, kwa sababu kilo saba au nane za mwani mbichi hukauka zikabaki kilo moja. Mvua ikinyesha katika siku mbili tatu za kuanika, chumvi huoshwa, mali huharibika rangi na mnunuzi huikataa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mwani aina ya spinosamu ulipokuwa ukinunuliwa kwa kama shilingi 400 kwa kilo, kilo mbili za mwani mkavu hazikutosha kununua kilo moja ya mchele. Kilo hizo mbili zilibebwa kichwani zikiwa kumi na tano.

Hata hivyo ningekosa haki kama ningepita haraka juu ya yale pesa hii iliyafanya, hasa katika miaka ya mwanzo. Watafiti waliokaa Paje mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta kijiji kinachobadilika machoni pao. Wanawake walinunua sare za skuli, magodoro, vyombo, kanga mpya za sikukuu. Waliojaliwa nguvu na watoto wa kuwasaidia walijenga nyumba za mawe na bati, kwa majina yao. Mwanamke aliyetegemea mkono wa mume kwa kila sumni sasa aliweza kuamua kumpeleka mtoto hospitali bila kungoja mtu arudi kutoka dago la wavuvi. Zilisikika pia lawama, kwamba wake wamekuwa na kiburi, kwamba talaka zimeongezeka, kwamba watoto wanatoroka skuli siku za bamvua, na hili la watoto lilikuwa kweli na la kusikitisha. Lakini lawama nyingine nyingi zilikuwa kelele za mazoea yanayovunjika. Msomaji anayetaka kuuhukumu mwani kwa kipato chake tu atashindwa kueleza kwa nini maelfu ya wanawake waliendelea nao miaka thelathini. Pesa ile, ingawa ndogo, ilikuwa yao, na katika nyumba yenye shida shilingi ambayo mama anaiamua mwenyewe ina thamani kubwa kuliko iliyoandikwa juu yake.

Sasa tuje kwenye makubaliano yaliyofanya yote hayo yawezekane. Kwa miaka mingi kila kampuni ilipewa vijiji vyake. Ilitoa kamba, taitai na mbegu bila malipo au kwa mkopo, na mkulima naye akawajibika kumuuzia mwenye kamba, kwa bei aliyoitaja mwenye kamba. Aliyeuza kwa mwingine alihesabiwa amevunja ahadi, na serikali, iliyoogopa kuwapoteza wawekezaji, mara nyingi ilisimama upande wa mkataba. Kampuni zilikuwa na hoja yao: zilitumia fedha kuleta vifaa na wataalamu, na mgeni aliyekuja mwishoni na mizani tu angevuna asichopanda. Lakini tuangalie kilichotokea kwa mkulima. Mbegu haikuwa yake, kamba haikuwa yake, ghala haikuwepo, na kila bamvua alihitaji pesa ya chakula. Mtu wa namna hiyo hawezi kusubiri. Na katika biashara ya mazao, kuanzia nazi mpaka samaki, asiyeweza kusubiri hapangi bei. Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Tunasema mkulima wa mwani ni maskini kwa sababu bei ni ndogo, na ni kweli kiasi. Lakini bei nayo ilikuwa ndogo kwa sababu alikuwa maskini kwa namna hii mahsusi ya kutoweza kuiacha mali yake ikae.

Mlinganisho na karafuu unasaidia. Mkulima wa karafuu wa Pemba aliteswa na bei kwa miongo mingi. Baada ya Mapinduzi Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lilikuwa mnunuzi pekee, na lilimlipa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Lakini mkarafuu ulikuwa umesimama kwenye ardhi aliyoishika, pengine eka tatu alizogawiwa baada ya 1964, na karafuu kavu iliweza kukaa guniani miaka. Ni mali nyepesi yenye thamani kubwa, na bei ilipokuwa ya kukatisha tamaa, kulikuwa na majahazi yaliyovuka usiku kwenda Mombasa. Magendo yalikuwa kosa la jinai na yaliwaletea wengi mateso, lakini yalimkumbusha mnunuzi pekee kwamba hakuwa pekee. Mwaka 2011 serikali iliamua mkulima wa karafuu alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na sababu moja ya uamuzi huo ni kwamba magendo yalikuwa yamelishinda shirika. Mkulima wa mwani hakuwa na hata moja ya silaha hizo. Mwani ni mali nzito ya bei ndogo, na nauli ya kuutorosha ingezidi thamani yake. Hakuna aliyekaa vikao virefu kupanga apewe asilimia 80 ya kitu chochote.

Kuna wanaosema kwamba kisa chote hiki ni hali ya hewa, na hoja yao ina uzito. Zanzibar ilipanda aina mbili za mwani. Kotonii ina karajinani ngumu inayotakiwa zaidi na viwanda, na bei yake imekuwa mara mbili ya spinosamu au zaidi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa katika maji ya chini. Matawi yaligeuka meupe, yakalainika na kukatika, ugonjwa ambao wataalamu wameufungamanisha na joto, mabadiliko ya chumvi na vijidudu vinavyoshambulia mmea uliodhoofika. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, na ambaye ameufuatilia mwani huu kwa miongo kadhaa, pengine kuliko mtu yeyote mwingine, ameonesha jinsi maji ya kina kifupi yanavyopanda kupita nyuzi joto 30, mahali ambapo kotonii haiwezi tena kustahimili. Wakulima wakabaki na spinosamu, inayovumilia joto na kulipa kidogo. Mwaka 2012 Zanzibar ilitoa takriban tani 15,000 za mwani mkavu, na karibu zote zilikuwa spinosamu. Kwa maneno mengine, uzalishaji ulipanda huku thamani ya kila kilo ikishuka, na ripoti zilizohesabu tani zilisherehekea.

Lakini joto halielezi yote. Kotonii haikufa kwa sababu bahari yote imekuwa haifai. Ilikufa katika maji ya chini, pale ambapo mwanamke asiye na chombo na asiyejua kuogelea angeweza kufika kwa miguu. Maji ya kina cha mita kadhaa nje kidogo ya hapo yaliendelea kuwa na ubaridi wa kutosha, na miaka ya 2000 majaribio ya kamba zinazoelea yalifanyika Bagamoyo na Tanga na kuonesha kwamba kotonii inaota vizuri huko. Kilichokosekana ni mashua, maboya, nanga na mtu wa kufundisha wanawake kuogelea. Tazama jinsi jambo linavyorudi pale pale. Kilimo kilichosifiwa kwa kutohitaji mtaji kilimwacha mkulima bila mtaji siku bahari ilipobadilika. Mvuvi wa Ufilipino au Sulawesi mwenye ngalawa yake alisogea kwenye maji mazuri. Mwanamke wa Jambiani alisogea kwenye spinosamu. Na mwaka 2008, wanunuzi wa China walipoigombea kotonii mpaka bei yake ya dunia ikaruka kwa miezi kadhaa, Zanzibar ilikuwa na kotonii kidogo tu ya kuuza. Indonesia, ile ile iliyokuwa imeacha kununua karafuu zetu, ilikuwa tayari imepanda mwani kwenye ukanda wake mrefu wa pwani na kuipita Ufilipino. Mara mbili katika kizazi kimoja visiwa hivi vimeumizwa na uamuzi wa wakulima wa Indonesia, na mara zote mbili tulikuwa tukiuza mali ghafi ambayo mwingine angeweza kuizalisha.

Pingamizi jingine ni la wanauchumi: bei inapangwa duniani, Zanzibar ni muuzaji mdogo, hakuna cha kufanya. Sehemu ya kwanza ni sahihi. Hakuna chama cha wakulima wa Paje kitakachoilazimisha Denmark ilipe zaidi. Ila swali la haki si bei ya dunia peke yake. Ni sehemu gani ya bei hiyo inayofika ufukweni. Na hapa ushahidi wa Tanzania yenyewe unajibu. Wakulima waliojitegemea kwa vifaa, walionunua kamba zao wenyewe, wamelipwa zaidi kwa kila kilo kuliko wale waliotumia kamba za kampuni, kwa mwani wa aina ile ile na soko lile lile. Tofauti hiyo ni kodi ya kamba, inayolipwa kila mavuno, mwaka baada ya mwaka, kwa kifaa ambacho gharama yake ingeisha baada ya misimu michache. Mradi wa kuwakopesha wakulima kamba na ghala la kuhifadhia mali kavu ungegharimu kidogo kuliko semina nyingi za ujasiriamali zilizofanyika mahotelini, na ungewapa kitu ambacho semina haitoi.

Wengine husema wanawake walichagua mwani, hakuna aliyewalazimisha, na kwamba wanaouacha sasa wanachagua utalii. Kuchagua walichagua. Lakini uchaguzi hupimwa kwa kilichokuwa upande wa pili wa mizani, na upande wa pili kulikuwa na makumbi. Wanaume wengi walioingia mwanzoni walijitoa bei iliposimama, wakarudi kwenye uvuvi au wakaenda kujenga hoteli, kwa sababu walikuwa na pa kwenda. Kuhusu utalii, Paje na Jambiani leo zimejaa nyumba za wageni, na maji ambayo mwani ulipandwa yanakatwa na mbao za watu wanaoteleza kwa upepo wa vishada. Wapo wanawake waliopata kazi katika hoteli, na heri yao. Wapo wengi zaidi waliopoteza nafasi ya kuanikia ufukweni, na ambao umri, elimu au adabu za nyumbani haziwaruhusu kuhudumia wageni. Kuwaambia hao kwamba soko limewapa njia bora ni kuwasahau, na kwa kuwa pwani ya kati ya mstari wa maji makuu na wa maji kupwa haina hati ya mtu, hawana karatasi ya kuwatetea mbele ya anayejenga ukuta.

Juhudi za kutengeneza bidhaa hapa hapa ni jibu lililopendwa zaidi, na kwa kiasi fulani nalipenda. Tangu mwaka 2006 mpango wa kongano la mwani Zanzibar, alioushughulikia Msuya na wenzake, umewafundisha wanawake kusaga mwani na kutengeneza sabuni, mafuta na krimu. Kikundi cha Tusife Moyo cha Kidoti, kaskazini ya Unguja, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza, na kipande cha sabuni chenye vijiko vichache vya unga wa mwani kiliuzwa kwa bei inayozidi kilo nzima ya mwani mkavu. Ni kazi ya kutia moyo, na imewapa wanawake ujuzi wa kupima, kufungasha na kuzungumza na mteja. Lakini hesabu haifichiki. Sabuni ya Kidoti hutumia kilo kadhaa. Zanzibar huvuna maelfu ya tani. Watalii wote wanaoshuka uwanja wa ndege hawawezi kuogea mwani huo. Sabuni itawainua wanawake mamia, na hao ni watu, wana watoto wa kulea. Isitumike tu kama kisingizio cha kuacha kuzungumzia bei ya gunia kwa wale maelfu.

Mambo yanayogusa mzizi ni yale yanayorudisha mbegu, chombo na muda mikononi mwa mkulima. Upande wa Kenya, katika kijiji cha Kibuyuni, kaunti ya Kwale, kilimo cha mwani kilianza miaka ishirini baada ya Paje, kwa msaada wa taasisi ya utafiti wa bahari ya nchi hiyo, KMFRI, na wanawake wake walijipanga mapema katika ushirika wenye ghala na vichanja vya kukaushia, ili mali isubiri mnunuzi badala ya mnunuzi kusubiriwa. Bei bado haiwatoshi, ila wanaingia kwenye mazungumzo wakiwa kundi moja lenye mali kavu, safi na iliyopimwa. Huku Zanzibar, Msuya na mtafiti mwenzake Cecile Brugere walijaribu neti za mirija, ambamo kotonii hupandwa na kutundikwa katika maji ya kina, na jambo la maana katika jaribio hilo halikuwa neti tu. Wanawake walifundishwa kuogelea na kutumia chombo. Bahari ambayo wameifanyia kazi maisha yao yote ikawa, kwa mara ya kwanza, mahali wanapoweza kuingia kupita kiuno.

Serikali ya Zanzibar nayo imeutia mwani katikati ya sera yake ya uchumi wa buluu, na huko Chamanangwe, Pemba, kiwanda cha kusindika mwani kimekuwa sehemu ya mipango hiyo. Kiwanda ni habari njema, kwa sababu tangu 1989 mwani wetu umekuwa ukipanda meli ukiwa majani makavu na kurudi ukiwa ndani ya chupa na mirija ya bidhaa za wengine. Lakini kiwanda kinaweza kuwa mnunuzi pekee mwingine, na historia ya karafuu imeshatuonesha kwamba mnunuzi pekee wa serikali hana lazima ya kuwa mpole kuliko wa kigeni. Swali la kuuliza ni kama kamba zitakazolisha kiwanda hicho zitakuwa za mkulima, kama bei itafungamanishwa wazi na ya dunia kama ilivyofanywa kwa karafuu mwaka 2011, kama kutakuwa na vitalu vya mbegu ya kotonii vinavyomilikiwa na vijiji, na kama mwanamke wa Pemba atakayeona bei haimfai ataruhusiwa kisheria kuliweka gunia lake ghalani na kungoja bamvua nyingine.